Nimepewa kuandika wasifu wa mzee wangu, kila nikiandika inatoka CV. Nisaidieni wakuu

binti_mkubwa

Habari za humu wakuu. Mzee wetu ametutoka, na kwa vile mimi ndo mkubwa imeamuliwa bila hata kuulizwa kwamba wasifu naandika mimi na kuusoma nausoma mimi. Sina shida na hilo, shida ni kwamba nikikaa kuandika inatoka kama barua ya kuomba kazi. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma pale, akaajiriwa pale, akastaafu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Nikiisoma naona yote ni kweli ila baba hayumo hata kwenye sentensi moja.

Maana huyu mzee kazini alikuwa mtu wa kawaida tu jamani, cheo hana, jukwaani hajawahi kupanda. Umaarufu wake wote ulikuwa ndani ya nyumba. Usiku kabla hajalala alikuwa anapita koridoni anaita jina la kila mtoto, unaitika, anahamia mlango unaofuata, na hiyo iliendelea mpaka tumekuwa watu wazima tunaona aibu, ukija likizo na mumeo anamuita na mume naye lazima aitike ndo mzee akalale. Alikuwa na daftari la matumizi anaandika kila kitu hadi sindano na uzi, halafu pembeni anaweka maoni yake, kuna mahali ameandika "viatu vya binti, vimekufa mapema, achunguzwe anavyotembea." Sasa kitu kama hicho unakisemaje mbele ya watu bila kuonekana unaleta vichekesho msibani?

Halafu kuna mengine niyamwage hapahapa. Watoto tuko wanne au watano inategemea umemuuliza nani, kwa sababu kuna mdogo wetu mmoja baba alimchukua akiwa bado hajaanza hata shule, mtoto wa rafiki yake aliyefariki, kakua na sisi nyumba moja na anamwita baba baba. Sa hivi kuna ndugu wanataka kwenye orodha ya watoto asiwepo, awekwe chini huko "aliowalea." Na simu ya mzee, kuna mtu nyumbani anataka aifute aanze kuitumia maana bado nzima, mimi roho inakataa, kuna meseji zake za sauti kibao, zote zinaanza "hallo, mimi ni baba yako hapa" kana kwamba sina namba yake, na akimaliza anasahau kuachia kidole unamsikia anamuuliza mama "imeshaenda?"

Mama ndo ningemuuliza habari za ujana wao lakini haeleweki, jana kaongea nusu saa anacheka, leo nikigusa tu ananiambia nimwache afue mapazia. Nipeni mawazo, hasa waliowahi kuandika hizi kitu.

---

mpitanjia2

Pole sana dada. Mungu amlaze mahali pema na awatie nguvu. Hilo la viatu lisome kama lilivyo, nimecheka mwenyewe hapa na wala simjui mzee.

---

Karani Mstaafu

Pole sana mwanangu. Mimi nimewaandikia watu wasifu nyingi tu, ndugu, majirani, wenzangu wa kazini, nadhani wananiita kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nikuambie ninavyofanya, ukipenda chukua.

Kwanza tenganisha karatasi na mdomo. Tarehe, shule, waajiri, miaka, orodha ya watoto na wakwe, hayo yaweke kwenye karatasi watakayogawiwa watu, atakayetaka kujua alistaafu lini atasoma mwenyewe. Mdomo wako uuache kwa mambo ambayo hayapo kwenye cheti chochote. Watu wengi wanasimama wanasoma kilekile ambacho wasikilizaji wanacho mkononi, ndo maana unaona vichwa vinainama na simu zinatoka.

Pili, ukikuta umeandika "mchapakazi, mcheshi, mpenda watu" simama hapo. Hayo maneno ukimpachika marehemu yeyote yanamkaa. Jiulize ni nini kilikufanya ulifikirie hilo neno, halafu andika hicho kitu na neno lenyewe ulitupe. Wewe hii kazi umeshaimaliza bila kujua, koridoni na daftari, hapo msikilizaji anamuona mtu. Hauhitaji kuongeza "kwa hakika alikuwa baba mwenye kujali," wameshaelewa, usiwatafunie.

Na usitegemee kumbukumbu yako peke yako maana mtoto anamjua baba kuanzia alipoanza kupata akili, kabla ya hapo kulikuwa na kijana mwingine kabisa ambaye wewe hukumkuta. Pigia simu watu wachache, wadogo zake, rafiki wa zamani, aliyefanya naye kazi meza jirani. Ila usiwaulize "alikuwa mtu wa namna gani" watakupa yaleyale mcheshi mpenda watu. Waulize mara ya mwisho kuwakasirikia ilikuwa kwa sababu gani, kitu gani chake alikuwa hataki kiguswe, alikuwa anachelewa au anawahi, alikuwa anadanganya kuhusu nini (kila mtu ana kauongo kake kadogo, mzee wangu alikuwa anasema amekula). Maswali madogo yanaleta majibu makubwa. Wakianza kuongea washa rekoda ya simu, omba ruhusa kwanza.

Urefu sasa. Ukisoma taratibu kwa sauti ya msibani, na kupumua, dakika moja inakula maneno kama 100 hivi. Kwa hiyo dakika tano ni maneno 500, dakika saba 700, usivuke hapo, watu wamechoka na wana huzuni. Visa viwili au vitatu vinatosha, kimoja ukisimulie kwa kirefu na vingine uvipitie. Printi kwa herufi kubwa, saizi 16 au zaidi, mistari iachane, na usikate sentensi katikati ya ukurasa na ukurasa, maana machozi yakija herufi ndogo hazionekani kabisa. Nakala ya pili mpe mtu atakayekaa karibu, mkubaliane kabisa kwamba ukishindwa anainuka anaendelea pale ulipoishia, bila maneno mengi wala kukutuliza mbele ya watu.

Kuhusu huyo mdogo wenu mimi sitazunguka. Mzee alimwitaje? Kama mzee alikuwa anasema "wanangu watano" basi andika watano, kwa mpangilio wa kuzaliwa, bila nyota wala mabano wala "wa kumlea." Wasifu ni wa marehemu, siyo wa ndugu. Mambo ya mirathi yana sehemu yake na sheria yake, na karatasi ya wasifu haimpi mtu urithi wala haimnyimi, kwa hiyo anayeogopa hilo aondoe wasiwasi. Ila ukimtoa kwenye orodha mbele ya watu wote, hiyo siku hataisahau mpaka anaingia kaburini.

---

fundi_wa_usiku

Naongelea simu tu maana hayo mengine mzee kamaliza.

SIMU ISIFUTWE. Waambie nyumbani imeandikwa na fundi kwa herufi kubwa. Atakayeitaka aipate baadaye ikishanyonywa kila kitu. Kwanza kama pini hamuijui msikae mnabahatisha, simu zinajifunga ukikosea mara kadhaa na zingine zimesetiwa zijifute zenyewe, kaeni mfikirie tarehe alizokuwa anapenda kutumia, au muulizeni mama kwanza, wazee wengi wanaandika nyuma ya kalenda au ndani ya hilohilo daftari.

Pili laini yake endeleeni kuiwekea salio na kuitumia kidogokidogo. Laini ikikaa kimya muda mrefu kampuni inaifunga, na baadaye namba inauzwa kwa mtu mwingine, siku moja unaona picha ya mtu usiyemjua kwenye jina la baba, inauma. Na akaunti ya WhatsApp isipotumika kwa takriban siku 120 huwa inafutwa. Zile meseji zilizoko kwako hazitaondoka kwa sababu hiyo, ziko kwenye simu yako, lakini alizowatumia wengine na walizomtumia yeye ziko kwake, kwa hiyo ndo maana nasema mzinyonye mapema. Na wala msiichukue laini mkaisajilia WhatsApp kwenye simu nyingine kabla ya kufanya bakapu, mtajikuta mmepata akaunti tupu.

Meseji za sauti zenyewe kwenye Android zipo kama mafaili ya opus, majina yanaanza na PTT halafu tarehe, mwaka mwezi siku. Kopini folda zima kama lilivyo, msibadilishe majina maana hiyo tarehe kwenye jina la faili ndo itakuja kuwaambia mwaka 2040 kwamba hii aliituma lini. Fanya hivyo na kwenye simu yako wewe na za wadogo zako. Halafu wekeni sehemu mbili tofauti, flashi moja na mtandaoni, flashi peke yake siiamini hata kidogo, nazipokea hapa kila wiki zimekufa. Hiyo ya "imeshaenda" usiikate mwisho ukidhani unaisafisha. Watu wanakuja kwangu wanataka niondoe kikohozi na kelele za nyuma, nawaambia subiri mwaka upite kwanza ndo uniambie tena.

Kama alikuwa na Facebook kuna mpangilio wa ukurasa wa kumbukumbu, unaomba wanaweka neno la kumkumbuka juu ya jina lake na hakuna anayeweza kuingia tena akajifanya yeye. Na kama picha zake zilikuwa zinapanda kwenye akaunti ya Google zishusheni, wana utaratibu wa kufuta akaunti ambazo hazijaguswa miaka 2.

Picha za karatasi nazo, ziskanini, zile ndogondogo ziskanini kwa 600 dpi (nukta kwa kila inchi) siyo 300 ili mkija kuzikuza zisivunjike. Zile zilizong'ang'ania kwenye albamu ya gundi msizibandue kwa nguvu, piga picha ukurasa mzima kwanza. Na majina ya watu waliomo muandike nyuma kwa penseli laini, pembeni, kalamu ya wino inapenya mbele. Fanyeni hilo wakati mama bado anawajua wote kwa sura, kuna picha kwetu ina wanaume sita wamevaa suti na hakuna aliye hai anayemjua hata mmoja.

---

Mama Wawili

Pole mpenzi. Mimi nimekuja kwa ajili ya mama yako, na wajukuu.

Mama hayuko vibaya. Kuna wataalamu wawili, Margaret Stroebe na Henk Schut, mwaka 1999 waliandika kwamba mfiwa huwa anakwenda na kurudi, mara yuko ndani ya msiba kabisa, mara anaukimbia anashika kazi, na kwenda na kurudi huko ndiko kunamfanya aweze. Kwa hiyo mapazia siyo kukataa kuongea, ni pumziko. Zile hatua tano za huzuni (kukataa, hasira, kujadiliana, majonzi, kukubali) zinazosambazwa kila mahali watu wanazichukulia kama ngazi, ooh mama bado yuko kwenye hasira, wakati daktari Elisabeth Kübler-Ross alipoziandika mwaka 1969 alikuwa anazungumzia wagonjwa waliojua wanakaribia kufa, siyo wafiwa, na watu hawazipiti kwa foleni. Kwa hiyo usimsukume mama aongee na usimzuie akianza. Jaribu kumsaidia hizo kazi. Mikono ikiwa na shughuli mdomo unafunguka, na hamtazamani usoni.

Wajukuu wadogo, kama yupo wa chini ya miaka mitano hivi, bado hajaelewa kwamba kufa hakuna kurudi, atakuuliza leo babu yuko wapi na kesho atauliza tena kana kwamba hukumjibu. Mjibu tena. Na tumieni neno lenyewe, babu amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii baridi wala njaa. Msiseme amelala wala amesafiri. Wa kwangu aliambiwa amelala, tukakesha naye, mtoto hataki kufumba macho.

---

sina_jina_hapa

Niseme kitu ambacho hakisemwi misibani. Msimpake mafuta sana. Nimeshakaa kwenye msiba nikasikiliza wasifu wa mtu niliyemjua vizuri, hakuwahi kukasirika, hakuwahi kukosea, hakuwahi kulala na njaa ya mtu mwingine moyoni, nikabaki najiuliza tumekuja kumzika nani. Aliyemjua anajiona mjinga na asiyemjua hapati kitu. Baba yako kama alikuwa mkali sema mkali. Kama alikuwa bahili, na hilo daftari linanong'ona kidogo hapo (utani dada), sema bahili, watu watacheka kwa sababu wote waliwahi kumkopa.

---

Karani Mstaafu

@sina_jina_hapa upo sawa ila kuna mpaka. Kasoro ambayo familia nzima huwa inaitania, hiyo iseme. Kasoro ambayo kuna mtu bado inamtoa machozi, hiyo iache, siyo siku yake, mwenye kidonda ndo ataamua lini na kwa nani. Na usiifunike na sifa ya uongo, nyamaza tu.

---

binti_mkubwa

Wakuu sijui nisemeje, asanteni sana. Simu nimeichukua nimeifungia kwenye begi langu, aliyekuwa anaitaka amenuna, sawa. Pini ilikuwa kweli kwenye daftari, ukurasa wa mwisho, imeandikwa "PINI YA SIMU, SIRI."

Mama nimefanya kama alivyosema @Mama Wawili, nikaenda kukamua naye mapazia. Sikumuuliza alikuwa mtu wa namna gani, nikamuuliza baba alikuwa anadanganya kuhusu nini. Akanyamaza kidogo nikajua nimeharibu, halafu akaniambia koridoni. Kumbe zile safari za kuita majina zilianza usiku ule huyu mdogo wetu alipoletwa, mtoto alikuwa anaamka usiku anadhani ameachwa, sasa baba hakutaka ajione ni yeye tu anakaguliwa, akawa anatuita wote tuonekane ndo utaratibu wa nyumba. Sisi tukauliza kwa nini, akatuambia ni kwa sababu ya wezi. Miaka yote hiyo mimi najua ni wezi!

Nimempigia mdogo wangu nimemsimulia, naye alikuwa hajui. Nimemuuliza kama naweza kulisema mbele za watu, kasema sema, ila soma na majina, yote matano, kwa mpangilio ule ule wa milango. Kwa hiyo orodha ya watoto nadhani imeshajipanga yenyewe na ndugu watanisamehe.

Nimeandika hivi, nikosoeni:

"Baba yetu alikuwa nguzo ya familia na kielelezo cha upendo. Kila usiku alipita mlango kwa mlango akiita majina yetu, na hakulala mpaka wote tumeitika. Tulipouliza, alisema anahakikisha wezi hawajaingia. Juzi mama ametueleza kwamba hapakuwa na wezi. Palikuwa na mtoto mmoja mgeni aliyekuwa anaogopa giza, na baba akaona ni afadhali aite watoto wote kuliko mmoja ajione tofauti."

Halafu hapo nasoma majina. Na nifanyeje nikilia katikati, maana hapa naandika tu tayari nimeshalia mara sijui ngapi.

---

mpitanjia2

Jamani. Haya mimi nimeondoka.

---

fundi_wa_usiku

Piga picha kurasa zote za hilo daftari leo leo, na hiyo ya PINI SIRI pia.

---

Karani Mstaafu

Sentensi ya kwanza futa yote, nguzo na kielelezo, anza na "Kila usiku." "Mtoto mgeni" libadilishe, yeye atakuwa amekaa pale mbele, andika "mtoto mmoja aliyekuwa anaogopa giza" inatosha, majina yakifuata kila mtu atajua. Kulia siyo tatizo, simama, tazama karatasi, pumua mara mbili, rudia sentensi kuanzia mwanzo wake, watu watakusubiri. Anza kusoma kwa sauti chumbani kuanzia leo, na mahali pa majina weka alama ya kupumzika kabla hujaanza, maana hapo ndipo utakapokwama. Tahajia za majina mpe kila mwenye jina ahakiki lake kabla hujaprinti, na mwaka wa kuzaliwa wa mzee uangalie kwenye kitambulisho, usimuulize shangazi.